Kituo cha huduma za jamii cha kata kimesimama kwenye lenta, hela ya halmashauri inapatikanaje?

Kitongoji_B ameuliza:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba wenye uzoefu na mambo ya halmashauri mnisaidie mana huku kwetu kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mwenzake.

Sisi tuko halmashauri ya wilaya (naomba nisiitaje). Wananchi wa vijiji vya kata yetu walikubaliana kujenga jengo moja la huduma za jamii, yani ndani yake kuwe na ofisi ya mtendaji kata, chumba cha afisa maendeleo ya jamii, chumba cha polisi kata ambacho pia watu wenye kesi za unyanyasaji wanaweza kuongea bila kusikilizwa na kijiji kizima, alafu na ukumbi wa mikutano ambao vijana wangeutumia kujisomea. Watu wamechanga, wengine wametoa mchanga na mawe, wengine nguvu zao, ukuta umefika lenta, yani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, pakasimama hapo. Bajeti za halmashauri zimepita na hatujaona hata bati moja. Diwani anasema ameshaliongelea baraza, mtendaji anasema anasubiri maelekezo ya DED (mkurugenzi wa halmashauri), ukienda wilayani mtu wa mipango anakwambia "mradi wenu hauna kasma", basi unarudi nyumbani na hilo neno lako la kasma.

Maswali yangu: hela ya kumalizia jengo kama hili inatoka fungu gani hasa? Zile asilimia 10 haziwezi kutumika? Mfuko wa jimbo je? Na nani wa kumbana, diwani, mtendaji au DED?

MzeeWaMuhtasari:

Kijana nimekaa kwenye utendaji wa kata mpaka nikastaafu, nitakujibu kwa swali kwanza: huo mradi umeandikwa wapi? Sio umeongelewa wapi, umeandikwa wapi.

Watu wengi wanadhani diwani akisimama barazani akaomba basi hela imeshapatikana. Hapana. Mambo yanaanzia chini, mkutano mkuu wa kijiji ambao ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu (Sura 287, ile sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya ya 1982). Pale ndio vipaumbele vinapitishwa, muhtasari unaandikwa na mahudhurio yanaambatanishwa. Huo muhtasari unaenda WDC, kamati ya maendeleo ya kata, mwenyekiti wake ni huyo huyo diwani na katibu ni mtendaji kata. WDC inachambua ya vijiji vyote na kupeleka halmashauri. Huko wataalam wa mipango wanaoanisha na ukomo wa bajeti, inaenda menejimenti, inaenda kamati ya fedha, uongozi na mipango, alafu ndio baraza la madiwani, baadae mkoa na TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), na Bunge linamalizia kabla ya Julai mosi mwaka mpya wa fedha unapoanza.

Sasa angalia muda. Baraza linapitisha rasimu kama Januari au Februari. Kata ambayo WDC yake inakaa Machi kuomba hela ya Julai imeshachelewa, gari limeondoka. Nimeona kata zinalalamika kunyimwa kila mwaka kumbe kila mwaka muhtasari wao unafika wakati vitabu vya bajeti vimeshafungwa, na aliyechelewesha ni mtendaji aliyekuwa na kazi zingine au hajaona umuhimu. Kwa iyo kabla hujambana DED nenda ofisi ya kata uombe kuona muhtasari wa WDC uliopeleka huo mradi. Kama haupo basi ugomvi wako haujafika wilayani bado.

Na jambo la pili, kiwanja ni cha nani?

Kipanga wa Baraza:

Mzee ameongea vizuri lakini tusidanganyane, hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu hela hamna.

Mapato ya ndani ya halmashauri nyingi za vijijini ni ushuru wa mazao, leseni, vizuizi vya mazao ya misitu, minada na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya wafanyabiashara. Ushuru wa mazao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, sawa mkulima kapumua, ila halmashauri inayoishi kwa mahindi ikapigwa vibaya. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA 2016 na toka 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Huko nyuma zaidi 2003 kodi ya kichwa ikafutwa, serikali kuu ikaleta ruzuku ya fidia ambayo asilimia 20 ilitakiwa ishuke vijijini, muulize mwenyekiti wako wa kijiji mara ya mwisho kuiona ni lini.

Alafu hicho kidogo kinachobaki kinagawanywa kisiasa. Kila diwani anataka arudi kwenye kata yake na kitu, kwa iyo badala ya halmashauri kumaliza majengo mawili mwaka huu na mawili mwakani, inapeleka kahela kidogo kata zote, huyu ananunua mbao, yule ananunua mifuko ya saruji inayoganda stoo, mwisho wa mwaka hakuna hata jengo moja lililofunguliwa. Ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) zinaimba miradi viporo kila mwaka na madiwani wanapiga makofi kila mwaka. Mimi ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku kuanzisha msingi mpya popote mpaka maboma ya zamani (majengo yaliyoachwa njiani) yaishe, hata kama ni kata ya mwenyekiti wa halmashauri.

dada_mhasibu:

Kipanga umemaliza hasira sasa tumjibu mwenzetu maswali yake 😅

Kaka Kitongoji_B, asilimia 10 hapana. Zile ni za mikopo isiyo na riba kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na zimo kwenye sheria kabisa (Sura 290 ya fedha za serikali za mitaa, marekebisho ya 2018). Hata zilivyosimamishwa 2023 na kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, kazi yake haikubadilika. Akitokea kiongozi akasema "tuchote huko tupige bati alafu tutarudisha" mkimbieni, hiyo ni hoja ya ukaguzi inayotembea, na vikundi vya akina mama ndio vitakavyokosa.

Fungu lenu ni mapato ya ndani upande wa maendeleo. Kuna mapato lindwa, mfano michango ya afya inayotakiwa irudi kwenye afya, hayo hayaguswi. Yanayobaki ndio yanakatwa sehemu ya maendeleo, na kwa miaka mingi mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 40 kwa halmashauri zenye mapato madogo na 60 kwa zenye mapato makubwa. Ile asilimia 10 ya mikopo nayo inatoka humo humo kwenye mapato ya ndani, kwa iyo ukisikia "asilimia 40 ya maendeleo" usidhani yote ni ya saruji.

Kasma ndio ile namba ya mradi kwenye bajeti. Mfumo wa malipo hauna huruma, kama mradi hauna kasma hata DED akiwapenda vipi hawezi kulipa, mhasibu atakayelipa anajiandalia kesi. Kwa iyo yule wa mipango hakuwatukana, ila ningemlaumu kwa kutowaambia cha kufanya baada ya hapo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuingia bajeti inayofuata kwa njia aliyoeleza mzee. Ya pili ni kuhamisha fedha ndani ya mwaka, yani mradi mwingine uliotengewa umekwama kabisa, inaandaliwa hoja, inapita vikao, hela inahamia kwenu. Hii inawezekana ila ni ngumu mana yule mwenye mradi uliokwama nae ana diwani.

Kitu kingine watu hawakijui, kutengewa sio kupewa. Mapato ya ndani hayapo benki tarehe 1 Julai yanasubiri, yanakusanywa mwaka mzima kidogo kidogo, na msimu wa mavuno ukiwa mbaya makusanyo yanashuka. Ukiona milioni kadhaa kwenye kitabu cha bajeti usiende kukopa mbao. Uliza robo ya kwanza zimekusanywa asilimia ngapi na mradi wenu uko nafasi ya ngapi kwenye mpango wa matumizi, madiwani wanaletewa hizo taarifa kila robo.

Mfuko wa jimbo: unaruhusu, sheria yake ni ya 2009 na lengo lake hasa ni kuchochea miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, boma lenye michango yenu ndio mfano mzuri. Kamati yake anaiongoza mbunge ila hela inapita akaunti ya halmashauri. Shida ni ndogo kulinganisha na kata zote za jimbo, inaweza kuwatoa kwenye bati, sio kumaliza jengo.

Kitongoji_B:

Dada na mzee Mungu awabariki, mmenifungua kichwa kuliko vikao vyote nilivyokaa.

Nimeenda kuuliza. Muhtasari wa WDC upo, ila mradi umeandikwa "ujenzi wa ofisi ya kata" basi, hakuna sehemu imetaja ukumbi wala chumba cha maendeleo ya jamii wala polisi. Na kiwanja kilitolewa na familia moja ya wazee kwa mdomo mbele ya mkutano, kila mtu anajua ni cha kata. Hii ina shida?

MzeeWaMuhtasari:

Ina shida kubwa, na ndio mana niliuliza.

Kata sio chombo chenye uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni mwili wa kisheria, inaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Halmashauri ya wilaya pia. Kata katikati hapo ni ngazi ya kiutawala tu. Kwa iyo "ni cha kata" maana yake hakina mwenyewe. Wale wazee wakiitwa na Mungu, wajukuu wakaja toka mjini na wakili, nani ataenda kutetea? Na mhandisi au mkaguzi wa ndani wa halmashauri akiuliza nyaraka za ardhi hakuna, hapo ana sababu nzuri ya kukaa na faili lenu droo ya chini kabisa.

Fanyeni hivi wazee wakiwa bado wapo. Familia iandike na kusaini na watu wazima wote wa ukoo wanaohusika wawepo, halmashauri ya kijiji ipokee, mkutano mkuu uridhie, iwe kwenye muhtasari wenye mhuri. Utaratibu wa ardhi ya kijiji unafuata sheria namba 5 ya 1999. Muamue pia mapema jengo litamilikiwa na kijiji kile au halmashauri ya wilaya, mana vijiji vingine vilivyochanga navyo vitauliza.

Na huo muhtasari wa "ofisi ya kata" urekebisheni kwenye kikao kijacho cha WDC. Ukiandika ofisi ya kata unapambana na ofisi za kata zote wilayani. Ukiandika jengo lenye maendeleo ya jamii, dawati la unyanyasaji na ukumbi, idara ya maendeleo ya jamii nayo inakuwa na sababu ya kuwasemea kwenye menejimenti, mnapata mtetezi wa pili.

Fundi Levo:

Samahani naingilia kama fundi. Boma lililokaa kwenye lenta bila paa misimu ya mvua sio lile lile mliloliacha. Maji yanaingia juu ya ukuta, nondo zilizochomoza zinakula kutu, tofali za kuchoma kama zilikuwa mbichi zinaanza kumomonyoka. Mhandisi wa halmashauri akija anaweza kukataa kuweka paa juu yake, na akikataa yupo sahihi, jengo la watu wengi likianguka ni yeye anaitwa.

Funikeni juu ya ukuta hata kwa nailoni na mawe, nondo zipakeni uji wa saruji. Alafu ombeni mhandisi aje akague SASA kabla ya hela na awaandikie, na atengeneze makadirio ya kumalizia tu. Makadirio ya jengo zima yanatisha kamati ya fedha, ya kumalizia yanavutia mana wanaona kwa hela kidogo wanapata jengo zima la kwenda kupigia picha.

Michango yenu pia muithaminishe, mchanga tripu ngapi, mawe, siku za mafundi, viandikwe kwa thamani ya shilingi na vile vya hela taslim viwe na stakabadhi. Nimejenga kwa force akaunti (mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi) sehemu nyingi, wanaitaka kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, wajumbe wanatoka kwa wananchi. Msiweke ndugu watatu kwenye kamati tatu jamani, nimeona hiyo ikavunja mradi mzuri. Na toka 2023 manunuzi ya serikali yako kwenye mfumo wa NeST, kwa iyo yule mwenye duka la vifaa mnayemuamini kama hajajisajili huko anza kumwambia leo, usisubiri hela ifike alafu mnaanza kutafuta nani yupo kwenye mfumo.

Mama Wawili:

Mimi nina swali lisilopendwa. Mnagombania jengo, likishakabidhiwa nani analiendesha? Kwetu lilijengwa zuri likafunguliwa na utepe ukakatwa, sasa hivi afisa maendeleo ya jamii anahudumia kata zaidi ya moja hayupo wiki nzima, umeme umekatwa, chumba cha faragha kimewekwa viti vibovu. Mwanamke aliyepigwa anaelezea shida yake kwenye benchi nje palepale kama zamani. Na kijiji cha pili hakina zahanati. Hiyo nguvu si mngeiweka kwenye zahanati?

Kipanga wa Baraza:

Mama kwa mara ya kwanza kwenye huu uzi nakubaliana na mtu.

dada_mhasibu:

Mama Wawili umegusa penyewe, hilo ndio nililotaka kulisema nikasahauliwa na kasma.

Fedha ya kujenga na fedha ya kuendesha ni mafungu mawili tofauti. Mishahara ya watumishi inatoka serikali kuu, halmashauri haiwezi kuamka tu ikaajiri afisa wa kituo chenu, inaomba kibali. Umeme, maji, vifaa vya ofisi, usafi ni matumizi ya kawaida, na kwenye halmashauri maskini hayo ndio yanakatwa wa kwanza. Kwa iyo WDC ikiandika ombi la kumalizia, kwenye ombi hilo hilo iandike nani atakaa humo (mtumishi aliyepo tayari, sio wa kuja) na umeme utalipwa na nini.

Ukumbi unaweza kusaidia ukikodishwa, lakini hapo narudi kwa mzee na umiliki. Jengo likiwa la halmashauri ya wilaya, hela ya ukumbi ni mapato ya halmashauri, inalipwa kwa kontro namba na inaingia kapu kubwa, kuirudisha ilipe umeme wenu ni vikao. Likiwa la kijiji, ni mapato ya kijiji, halmashauri ya kijiji inapanga na mkutano mkuu unasomewa mapato na matumizi. Mimi binafsi ningechagua kijiji, hata kama wilayani hawatapenda.

Kuhusu zahanati siwezi kuwaamulia. Ila zahanati ina njia zake nyingine za fedha toka serikali kuu na wadau wa afya, jengo la namna hii halina mwenyewe huko juu ndio mana linategemea mapato ya ndani karibu peke yake.

Mama Wawili:

Sawa dada, nimekuelewa. Ila hicho chumba cha faragha kiwe na mlango wake wa nyuma, usipite mbele ya benchi la mtendaji. Mwanamke hawezi kuingia akionekana na wanaume waliokuja kulipia vibali. Hilo liwekwe kwenye ramani mapema wakati ukuta bado haujaezekwa.

Fundi Levo:

Kutoboa mlango ukiwa kwenye lenta inawezekana ila mhandisi aonyeshe wapi, usikate chini ya nguzo.

Kitongoji_B:

Nimeandika yote. Swali la mwisho wakuu, halmashauri wakikataa kunionyesha mradi wetu upo kwenye kitabu cha bajeti au haupo, nafanyaje? Mara ya mwisho niliambiwa hizo ni nyaraka za ndani.

dada_mhasibu:

Bajeti iliyopitishwa na baraza sio siri, mikutano ya baraza yenyewe iko wazi kwa wananchi kuhudhuria. Andika barua kwa mkurugenzi, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, masjala wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, bila huo mhuri siku 30 hazina pa kuanzia. Na usiandike "naomba kujua maendeleo ya mradi", utajibiwa "unaendelea vizuri". Andika unaomba ukurasa wa bajeti ya maendeleo ya mapato ya ndani unaohusu kata yako kwa mwaka huu wa fedha na uliopita, na kiasi kilichotolewa mpaka robo iliyoisha.

MzeeWaMuhtasari:

Na kabla ya barua mpe diwani nakala aione kwanza. Sio kwamba unamuogopa, ila akiisikia wilayani kabla yako atadhani unautaka udiwani, na mradi utakaa lenta mpaka uchaguzi.